Maiki Ubavuni mwa Ng'ombe

Kutoka Kitale nilisafiri juu ya magunia ya mahindi. Lori lilikuwa linapeleka chakula Marsabit, na nilikuwa nimemwambia dereva kwamba naenda naye hadi mwisho, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kumtajia. Nakuru tulipita na mvua. Nyahururu baridi ilinifanya nijifunike turubai pamoja na vumbi lake. Nanyuki gurudumu likapasuka, tukakaa kando ya barabara tukisubiri lingine mpaka nikawajua kwa sura wachuuzi wote wa viazi. Baada ya Timau barabara ikaanza kuteremka. Mtu asiyeijua atadhani breki zimeshindwa, maana inateremka tu. Ngano inaisha, baridi inaisha, unavua koti, unavua sweta, na ukifika chini uko Isiolo na jasho linakutoka. Dereva akasimama tunywe chai. Nikaagiza kikombe cha pili. Alipopiga honi, nilimpungia mkono aende zake.

Sina maelezo bora kuliko hayo. Ndivyo nilivyoishi tangu nimalize kidato cha nne: nimeuza mitumba Eldoret, nimepanga viti vya harusi Naivasha, nimebeba spika za bendi Kitale. Kila mahali nilipoondoka nimepakumbuka kwa sauti zake kuliko sura zake. Mama yangu alifariki nikiwa njiani, na katika sauti yake nimebaki na maneno mawili, "njoo ule." Hata hayo siku hizi sina hakika kama ni sauti yake au ni mimi mwenyewe namwigiza. Nayataja mapema ili hasira iliyoko mbele isionekane imeanguka kutoka mbinguni.

Nilipanga chumba mtaa wa Wabera, kwenye ploti ya mama mzee wa Kiborana. Kila mtu pale alimwita Akko, yaani nyanya, nami nikafuata. Yeye aliniita Mgeni. Asubuhi alinitolea salaam aleikum, na baada ya kuitikia aliongeza, "Na habari pia," ili dini yangu nayo isilalamike. Halafu: "Mgeni, bado uko?" Kwa miaka miwili na ushei swali lilikuwa lile lile, na kila siku alicheka kama amelitunga upya.

Mifugo mingine ya familia ilikuwa na wachungaji upande wa Kipsing. Mjini Akko alibaki na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye doa jeupe usoni, kwa ajili ya maziwa ya wajukuu. Ndama wake alikufa akiwa bado mdogo. Ng'ombe wa huku si kama wale wa gredi wa Kitale, ambao hutoa maziwa hata kwa mashine. Huyu akikosa ndama anazuia maziwa, na utavuta chuchu mpaka vidole viume. Alimshushia Akko peke yake.

Akko alichuchumaa, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, akaanza kuimba chini kwa chini. Haukuwa wimbo wa kusikilizwa na watu. Ulikuwa mstari wa sifa, rangi yake, ukoo wake, mama yake aliyevuka ukame akiwa mifupa. Halafu ulimi ukapiga kaakaa, to, to. Halafu pumzi ndefu ya puani. Halafu midomo ikatetemeka, prrr. Kisha mstari mwingine. Kwenye to-to ya pili ng'ombe alihamisha uzito kwenye mguu wa nyuma, na maziwa yakaanza kulia ndani ya kibuyu.

Mke wa mwanawe, ambaye ndiye aliyeendesha nyumba ile, alijaribu mara nyingi. Aliyajua maneno yote. Alijifunga hata shuka ya Akko mabegani. Ng'ombe alimnusa, akapiga kibuyu teke. Akko alikuwa na pengo kwenye meno ya chini, na mlio wa ulimi wake ulikuwa na ncha ambayo kinywa kingine hakikuipata.

Mwaka wangu wa pili pale, sauti ya Akko ikaanza kukwama. Mwanawe, mfanyabiashara wa mifugo na mtu wa kuheshimika sokoni, alimpeleka hospitali, akarudi akatukusanya uani. Kulikuwa na uvimbe kooni. Ungetolewa, na sauti ingetoka nao. Akko aliuliza jambo moja.

"Na ng'ombe?"

"Mama, tunaongea juu ya maisha yako."

"Mimi pia." Akaangaza macho uani. "Nikirudi bubu, hii itakauka. Ikikauka mtaiuza. Mkiiuza, mimi nitaamka asubuhi nifanye nini? Nihesabu mabati?" Kisha akanigeukia. "Mgeni, wewe si ulikuwa unabebea watu spika? Basi itoe sauti yangu, uiweke mahali."

Sijawahi kupewa kazi iliyo wazi kuliko hiyo. Ilipaswa kuwa rahisi.

Mwanawe alinipeleka kwa mwenye duka la vyombo vya umeme ambaye nyuma ya duka ana studio ndogo. Alikuwa mtu wa makamo mwenye vipokea sauti shingoni hata wakati wa kula. Nilimweleza: mama mzee, anaimba akikamua, tunataka sauti yake nyumbani kabla ya hospitali. Hakuuliza swali hata moja. Aliinama akatoa sanduku lenye sponji, na ndani yake maiki nene kama kikombe cha chai.

"Kondensa," akasema. "Hii inashika hata mate yakimezwa."

"Hilo ndilo naogopa. Nyumba ni ya mabati, jirani anachomelea madirisha, na boda zinapita mlangoni."

"Mkubwa, sauti safi inaanza na maiki safi. Kelele niachie mimi, nitazifuta kwenye kompyuta."

Nilimwonyesha nyingine iliyoning'inia msumarini kwa waya wake, maiki ya mkononi yenye wavu uliobonyea. "Na ile?"

"Ile ni ya harusi na ya mhubiri. Haisikii kitu mpaka uilambe."

Nilijaribu kueleza kwamba uziwi ule ndio dawa. Nimezibeba maiki hizo miaka mingi. Zinasikia kinachozigusa na kuupuuza mji mzima. Kwenye nyumba ya mabati, maiki inayosikia kila kitu itakuletea kila kitu. Lakini mwana alikuwa ameshaipenda ile ya sandukuni. "Mama yangu si wa maiki ya harusi," akasema, na mwenye duka akaitikia kwa kichwa kama aliyesikia hekima. Wanaume wawili wakachagua kwa ukubwa, kama watoto wanavyochagua andazi.

Mwenye duka akaja na stendi yake. Walitundika blanketi ukutani, wakafukuza mbuzi mpaka mwisho wa mtaa, wakamkalisha Akko kwenye kiti mbele ya ile kondensa.

"Imba sasa, Akko."

"Nimwimbie nani?"

"Imbia maiki."

"Ina maziwa?"

Mke wa mwanawe akatoka nje kucheka. Akko hakuwa anatania. Kwao wimbo wa kukamulia hauimbwi mikono mitupu. Kumwita ng'ombe asiyekuwepo ni kuwaombea waliopo nao waondoke. Basi stendi ikahamishiwa uani, ikasimamishwa hatua chache kutoka kwa ng'ombe, ambaye aliitazama kwa mashaka kuliko mtu yeyote pale. Akko akachuchumaa, akaegemeza paji la uso.

"Inua uso, Akko," mwenye duka akasema. "Unaimbia tumbo."

"Ndiyo, naimbia tumbo."

"Sauti inapotea."

"Haipotei. Inaingia."

Akamwinua uso hata hivyo, kwa kidole chini ya kidevu, mama wa umri ule. Nilipaswa kupiga kelele hapo hapo. Akko aliimba shingo ikiwa imepinda, jicho moja kwa ng'ombe na jingine kwa chuma, na maziwa yalikuja kidogo.

Baada ya siku kadhaa mwenye duka alituletea kazi yake ndani ya simu. Ilikuwa safi, sikatai. Ilikuwa safi kama maji ya chupa. Maneno yalifuatana moja baada ya jingine bila kitu katikati. Mke wa mwanawe alichuchumaa na kibuyu, spika ndogo kando yake, wimbo ukapigwa. Ng'ombe aligeuza kichwa, akasikiliza kama mtu anayesikia jina lake likitajwa vibaya, kisha akapiga teke kibuyu na spika pamoja.

"Ng'ombe hajui muziki," mwenye duka akasema.

"Umefuta nini?" nikamuuliza.

"Kelele tu. To-to-to, mapumzi, mate. Mama anaharibu wimbo mzuri kwa mate."

"Umefuta yale anayoambiwa ng'ombe, ukaacha maneno!"

Akko alikuwa ameketi mlangoni. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kuwa ya upepo, lakini aliitumia. "Maneno ni ya kunifurahisha mimi," akasema. "Hii ng'ombe inajua Kiborana?"

Kuna watu huchekwa hivyo wakajifunza. Huyu alisema atajaribu tena, ataongeza mwangwi.

Siku za hospitali zilikuwa zinakaribia. Nilirudi dukani peke yangu, nikainunua ile maiki ya harusi, nikakaa kwenye ndoo uani nikimtazama Akko akikamua. Ndipo nikaona tulichokuwa tunakosea sote, mimi mmoja wao: tulikuwa tunatafuta maiki ya mwimbaji, na mwimbaji alikuwa na pua ndani ya manyoya. Sauti ile ilimaliza safari yake ubavuni. Nilimwomba mke wa mwanawe leso, nikaifunga maiki kwenye tumbo la ng'ombe, sentimita chache chini ya pale paji la uso la Akko lilipokaa, waya ukapita mgongoni kama hatamu.

Kinasa sauti kilikuwa cha mwenye duka, kwa hiyo na yeye alikuwepo. Alipoona, alishika magoti kwa kucheka.

"Sasa mnamhoji ng'ombe? Mheshimiwa, bei ya nyasi unaionaje?"

Mwana naye akacheka; aliyekuwa akiimba ni mama yake, na bado akacheka.

"Atakujibu vizuri kuliko wewe," Akko akasema, akaweka paji la uso mahali pake. Akaimba.

Niliposikiliza, nywele zilinisimama. Mashine ya jirani haikuwepo. Boda hazikuwepo. Kulikuwa na tumbo la ng'ombe likinguruma kama lori mbali, kulikuwa na maziwa, pumzi, to-to yenye ncha, na sauti ya Akko ikiingia kutoka nje, kama mtoto aliye tumboni anavyoweza kumsikia mama. Nilimwekea Akko vipokea sauti chini ya mtandio. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu ni mimi," akasema.

Kesho yake mke wa mwanawe alifunga spika ndogo kwa leso ile ile, mahali pale pale, sauti chini. To, to. Ng'ombe akahamisha uzito kwenye mguu wa nyuma.

"Amekubali!" akapiga ukelele. "Wallahi, ng'ombe mwongo huyu, amekubali!"

Akko akaenda hospitali, akarudi na kitambaa shingoni na ukimya. Nyumbani tuliambiwa asichuchumae, asibebe kitu. Asubuhi na jioni spika ndogo ilimkamua ng'ombe, na Akko alikaa mlangoni akijisikiliza, mkono umelala magotini, vidole vikifuata. Sijui kama aliridhika. Alikuwa na kitu cha kuamkia, na hicho ndicho alichokuwa ameomba.

Halafu gari la matangazo likapita.

Lilikuwa na spika nne juu, linatangaza maziwa ya pakiti yanayotoka mbali, maziwa ambayo hayajawahi kuonana na nyasi ya Isiolo. Chini ya tangazo kulikuwa na ngoma za kompyuta. Na juu ya ngoma, kubwa kama adhana, to, to, prrr, na Akko akimsifu ng'ombe wake kwa rangi na kwa ukoo.

Akko alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Aliisikia sauti yake kabla yetu. Aliacha ungo, akavuta mtandio akafunika uso wote, kama mwanamke aliyeingiliwa chumbani na mwanamume asiyepiga hodi. Sauti ile ilikuwa ya uani. Hakuna mwanamume wa mtaa aliyewahi kuisikia isipokuwa sisi wa nyumba na mwenye duka, na sasa ilikuwa inapita kwa mwenye kinyozi, kwa mafundi wa baiskeli, kwa kila mtu aliyeegemea ukuta. Nyuma yangu mke wa mwanawe akapiga kelele na kukimbia na kibuyu. Ng'ombe alikuwa amesimama katikati ya ua, saa sita ya mchana, maziwa yanadondoka vumbini.

Lilipita kesho yake. Likapita keshokutwa. Kila mara ng'ombe alimwaga maziwa hovyo, mpaka akaelewa kwamba sauti hiyo sasa ni ya uongo, haina mikono wala kichwa cha kuegemea. Akaacha. Na alipoacha, aliacha hata kwa spika ndogo ya leso.

Nilikwenda dukani.

"Si ulisema ni kelele?"

"Mkubwa, kaa chini."

"To-to, mapumzi, mate. Si ulisema anaharibu wimbo?"

"Soko limebadilika. Watu wanataka kitu asilia. Hizo kelele ndizo ladha yenyewe, buda, mimi mwenyewe nimeshangaa."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Kinasa ni changu. Na mwenye mama amekubali."

Mwenye mama nilimkuta sokoni kati ya mbuzi. Hakuona aibu hata kidogo. "Si ni sifa? Mama anasikika mpaka barabara ya Leparua."

"Ulimuuliza?"

"Ningemuuliza vipi na haongei?"

Nimelibeba jibu hilo miji mingi tangu siku ile, na bado linanichoma. "Ana kichwa cha kutikisa!" nikamwambia. "Ana mkono! Sauti ilitoka, mtu alibaki!"

Watu walianza kutuangalia. Akanikaribia, akasema kwa upole, "Wewe ni mgeni hapa." Neno ambalo mama yake alinisalimia nalo kila asubuhi, alilifanya likanuka.

Aibu ya kwanza ni kuiita sauti ya mtu kelele. Ya pili, kubwa zaidi, ni kuziokota kelele zile zile siku zikianza kuuza, na kuziita zako. Nimewaona wa aina hiyo kila mji. Hawana haja ya kusikia. Wana maiki nzuri.

Ng'ombe akahesabiwa amekauka, na mwana akaleta mnunuzi. Ilikuwa saa ya kukamua, jioni, na mnunuzi alikuwa mtu makini. Alitaka kuona kama kweli hana kitu. Mke wa mwanawe akafunga leso na spika, akachuchumaa. Akko akasimama mlangoni. Akatembea polepole, akafungua leso, spika akanipa mimi mkononi bila kunitazama, kibuyu akakichukua.

"Mama, umekatazwa," mwana akasema.

Akko alichuchumaa. Akaweka paji la uso ubavuni. Hapakuwa na maneno, na pumzi ile ndefu ya puani haikuwepo tena, kwa kuwa sasa alipumulia kwenye tundu la shingoni. Lakini ulimi haukuhitaji koo. Ulipiga kaakaa kwa pengo lile lile, to, to. Midomo ikatoa prrr fupi ya mashavuni. To, to. Tulisubiri. Ng'ombe alikuwa ameshadanganywa mara nyingi, na alichukua muda wake. Kisha akahamisha uzito kwenye mguu wa nyuma.

Kilichobaki kwa Akko kilikuwa kile tu ambacho mwenye duka alikifuta.

Mnunuzi alisikiliza maziwa yakilia kibuyuni, akamgeukia mwana. "Ng'ombe kama huyu unauza una njaa?" Akaaga. Mwana alisimama akichezea funguo. Wakati huo gari la matangazo likapita mlangoni, spika nne, ngoma, sifa zote. Ng'ombe hakugeuza hata sikio.

Hakuna aliyeomba msamaha. Gari liliendelea kuzunguka, na mahali nilipozoea kunywa chai vijana walipiga to-to kwa vijiko kwenye vikombe kila lilipopita, wakicheka. Niliwaambia ni ya nani. Wakacheka zaidi. Siku nilipojikuta nimeshika kikombe ili nimrushie mtu, nikajua mji umeniisha.

Lori la kwenda Moyale lilikuwa linapakia asubuhi. Nilikusanya nguo zangu. Ile maiki ya harusi niliiacha. Waya wake mke wa mwanawe alikuwa ameshautumia kufunga lango la zizi, na alisema haujawahi kufanya kazi bora. Kile kipande cha sauti nilichokuwa nacho kwenye simu nilimwonyesha Akko, nikamwonyesha kidole juu ya alama ya kufuta, nikamuuliza. Alifikiri. Akatikisa kichwa mara moja, kukubali, nami nikafuta mbele yake. Ilikuwa hivyo tu, kumuuliza mtu. Haikuchukua muda wowote.

Alinisindikiza hadi mlangoni. Niliona midomo yake ikitaka kuuliza lile swali la kila asubuhi, na siku hiyo lingekuwa na jibu jipya. Nilisimama pale na mfuko wangu begani, nikiwa mzito wa kuondoka, jambo lisilo kawaida yangu. Akko akanitazama, akabana ulimi, akatoa mlio mmoja mkali ambao niliujua vizuri: ule aliomtolea fahali wa jirani alipokuja kuziba mlango.

Nikasogea. Nyuma yangu nilimsikia akicheka bila sauti, ndala tu zikipigapiga chini kwa kutikisika kwa mabega.